Majibu ya mama

Leo majibu ya mama yametoka: kiwango chake cha vitamini B12 kiko chini mno.

Kwa miezi kadhaa amekuwa akirudia maswali yale yale, nasi tulikwisha kuamini kuwa ni dimenshia, yaani hali ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Daktari alipogundua kwamba ametumia metformini kwa miaka mingi kwa ajili ya kisukari, aliagiza kipimo hicho, kwa sababu dawa hiyo hupunguza ufyonzwaji wa B12, na upungufu wake huweza kudhoofisha kumbukumbu.

Mama alinishika mkono akauliza, "Kumbe sijarukwa na akili, mwanangu?" Nilishindwa kujibu.

Ameanza sindano leo, ingawa hatukuahidiwa kwamba kumbukumbu zote zitarudi.

Ndugu zangu, wazee wenu wanaotumia metformini wamewahi kupimwa B12?