Cyrano wetu wa Nakuru: tumefika kwa roshani

Sasa tuko Tendo la Tatu na hapa ndio mradi umeanza kuninoga, maana yale mawili ya kwanza ni kelele na panga na vichekesho vya pua, watu wanacheka basi wameridhika. Kwa wageni: tunaigiza Cyrano de Bergerac ya Edmond Rostand, ile iliyoonyeshwa Paris mara ya kwanza Desemba 1897, na tunaifanya kwa Kiswahili kwa ukumbi mmoja wa kanisa hapa Section 58, jioni watu wakitoka kazi. Cyrano ana pua ya kuonekana kutoka mbali na maneno hayamwishii, anampenda binamu yake Roxane lakini anaogopa kuchekwa. Christian naye sura anayo, shida ni akisimama mbele ya msichana mdomo unakauka. Basi Cyrano anamwandikia barua na kumpangia ya kusema, na Roxane anapenda watu wawili akidhani ni mmoja.

Roshani imesimama. Ni mbao za saiprasi za 4 kwa 2 juu ya meza za ukumbi, na bado inatikisika kila Roxane akigeuka, fundi amesema ataongeza mbao za mshazari lakini mnajua fundi na ahadi.

Kitu kimenifurahisha sana ni mashairi. Rostand aliandika mistari ya silabi 12, sisi tukaenda na mizani 16, nane kwa nane, kwa sababu hiyo ndio masikio yetu yamezoea tangu shule. Na ikatupea zawadi ambayo sikuitegemea. Pale chini ya roshani Cyrano ananong'ona ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mstari, "Moyo wangu ni mgeni", Christian anaurudia, halafu anakwama, anageuza shingo gizani kutafuta utao, ile nusu ya pili, sekunde mbili tatu hivi, ndio aropoke "mlangoni mwako hodi" kama mtu amekumbuka pin ya M-Pesa. Ukumbi unacheka. Roxane anauliza mbona leo maneno yanakuja kwa kusitasita. Halafu Cyrano anachoka, anamsukuma kando, anashusha sauti na kusema mwenyewe, na ubeti unateremka bila kukatika hata mara moja, na kicheko kinaisha chenyewe. Hatujagusa taa wala muziki. Ni mstari tu umeacha kukatika.

Jamaa wa Cyrano nimemweka mbele kabisa, mgongo kwa Roxane, uso kwa watu, ndio tuone mtu akitongoza kwa roho yake yote huku msichana akimshukuru mwingine.

Tulibishana mpaka mlinzi akaja na funguo: mwongo ni nani hapa? Karibu wote wakasema Christian, ati mjinga wa sura nzuri. Mimi nakataa. Angalieni Tendo la Nne, wote wawili ni askari kwa vita vya mji wa Arras, 1640. Cyrano anavuka mistari ya adui kila siku kupeleka barua za kwenda kwa Roxane, mbili kwa siku, kwa jina la Christian, na Christian mwenyewe hana habari. Roxane anafika anamwambia Christian sasa angempenda hata akiwa na sura mbaya. Kijana anaelewa papo hapo ni nani anapendwa, na anamwambia Cyrano nenda mwambie ukweli, achague mwenyewe. Anapigwa risasi kabla hajachaguliwa. Cyrano ananyamaza miaka 15! Huo uwongo ulimfaa yeye kuliko mtu yeyote, alisema yote ya moyoni na hakuna siku angekataliwa. Nimemwambia anayemcheza aache kujifanya mtakatifu, akanuna kidogo, lakini juzi amecheza na ule uoga ndani yake na ikakaa poa.

Anayecheza Roxane naye alituambia bweni lao lilikuwa na msichana wa kuandikia wengine barua wakati wa prepu, analipwa mkate na soda, poda inanyunyizwa ndani ya bahasha na dedikesheni za nyimbo mwishoni. Kwa hivyo hataki Roxane awe bwege. Anasema aliyapenda maneno na alitaka yawe ya Christian, ndio maana hakuuliza sana. Sasa sauti ikibadilika pale chini mkono wake unasimama kwa ukingo, sekunde moja, kisha anaendelea. Hiyo inabaki.

Kilichobaki kigumu ni Tendo la Tano, ile barua ya mwisho aliyoandika kwa jina la Christian, Cyrano anaisoma giza likiingia na Roxane anashtuka kwamba huyu haoni karatasi tena, anaikariri. Swichi za ukumbi ni washa au zima tu, kwa hivyo tunakopa taa za rimoti za kupunguza polepole, na stima ikipotea siku hiyo tutasema ni usanii.

Pia Roxane lazima afike Arras kwa gari la farasi lililojaa chakula. Gari hatuna. Kijana mmoja wa Top Market ametuahidi mkokoteni, mradi aonekane stejini akiusukuma, na sijaona sababu ya kumkatalia.