Diski Mbili kwa Picha za Shangazi

Nilipokwenda Kariakoo mwanzoni mwa mwaka 2012 kununua diski mbili za kompyuta za terabaiti 1 kila moja, bei niliyotajiwa ilikuwa karibu maradufu ya ile niliyoizoea, na muuzaji hakuwa na haja ya kujieleza sana kwa sababu habari ilikuwa imekwisha kuenea. Oktoba 2011 mafuriko yalizamisha maeneo ya viwanda ya Ayutthaya nchini Thailand, kikiwamo kiwanda cha kampuni ya diski ya Western Digital, na kwa kuwa nchi hiyo ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa diski duniani, uhaba wake ulifika hadi kwenye maduka yetu. Nilizinunua hivyo hivyo. Sisi nasi tulikuwa tumetoka kwenye mafuriko yetu, na hayo ndiyo yaliyonipeleka dukani.

Mvua za Desemba 2011 zililifanya bonde la Msimbazi kuwa ziwa. Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alikuwa ameishi Jangwani tangu ujana wake, na maji yalipopanda hadi dirishani alitoka na mjukuu wake mgongoni, huku kijana wa jirani akimbebea kichwani sanduku la bati. Wenzake kadhaa walihamishiwa Mabwepande. Yeye alikuja kwetu Sinza. Katika sanduku lile mlikuwa na hati chache, khanga za harusi yake, na albamu za picha za ukoo mzima, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa mtunzaji wa picha kila palipotokea msiba au mgawanyo wa mali. Sanduku halikuzama, lakini mvua ilikuwa imepenya kwenye kifuniko, na albamu zilikuwa zimelowa hadi katikati.

Kazi ya kuzitenganisha picha zile tuliifanya pamoja, yeye na mimi, sebuleni. Picha zilizogandana hazivutwi, kwani ukizivuta tabaka lenye sura hubanduka na kubaki kwenye picha ya jirani. Tulizilaza katika beseni la maji safi ya baridi na kusubiri ziachiane zenyewe, kisha tukazining'iniza kwa vibanio vya nguo kwenye kamba, mbali na jua. Nakumbuka picha moja ya marehemu bibi amesimama mbele ya nyumba ya Tanga, mkono mmoja umeshika nguzo ya baraza. Upande wa kushoto tabaka la juu lilikuwa limeanza kujikunja kama ganda, na kila ilipokauka lilijikunja zaidi. Shangazi alilitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Baba, hii haifiki mwakani. Itie kwenye mashine leo."

Tangu siku hiyo nikawa naziskani jioni kila nirudipo kazini. Nilichagua nukta 600 kwa inchi na faili zisizobanwa, kwa hiyo picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 ilikuwa faili ya megabaiti 25 hivi. Baadhi ya ndugu waliona ni ubadhirifu wa nafasi, lakini mimi niliona kwamba karatasi zinaendelea kuharibika na kwamba baada ya miaka michache faili hizo ndizo zitakazokuwa picha zenyewe, si vivuli vyake. Neno hilo likishakubalika, linakuja swali jingine zito zaidi: faili hizo zinakaa wapi? Wakati ule zilikaa kwenye diski moja, ndani ya kompyuta moja, katika mji ambao mwaka uliotangulia ulikuwa umepitia mgao mkali wa umeme.

Diski za aina hiyo zina sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na juu yake huelea kichwa cha kusomea kwa umbali mdogo kuliko unene wa chembe ya vumbi. Kila umeme unapokatika ghafla kichwa hicho hulazimika kurudi maegeshoni kwa nguvu iliyosalia tu. Kufa kwa diski ni suala la lini. Mtu anayeweka picha za marehemu wake kwenye diski moja anapaswa kulijua hilo, na mimi nililijua, ndiyo maana niliamua kuziweka kwenye diski mbili zinazoandikwa kwa wakati mmoja.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala iliyopanga kwa madaraja njia za kuunganisha diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi kama moja, njia zilizopewa jina la RAID; na daraja la kwanza katika orodha yao lilikuwa hili la diski pacha, ambalo lilikwisha kutumika hata kabla yao kwenye mitambo mikubwa. Kila kinachoandikwa kwenye diski hii kinaandikwa pia kwenye ile. Nafasi unayoipata ni ya diski moja tu ingawa umelipia mbili, na kwa bei za mwaka ule hilo liliuma kweli.

Uamuzi uliohitaji fikra zaidi ulikuwa wa nani azisimamie diski hizo. Mazabodi ya kompyuta yangu, yaani ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, ilikuwa na uwezo wake wa kuunganisha diski pacha, na kuuwasha ilikuwa kazi ya dakika chache. Niliukataa. Katika nyumba zetu kitu kinachoungua kwanza umeme unaporudi kwa kishindo mara nyingi ni pawasaplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, na mazabodi hufuata. Iwapo diski zimeandikwa kwa utaratibu wa mazabodi fulani, huenda ukalazimika kuitafuta nyingine ya ukoo huohuo ndipo uzisome bila wasiwasi. Windows 7 ya daraja la nyumbani niliyokuwa nayo haikuruhusu diski pacha, kwani uwezo huo ulianzia daraja la Professional. Linux, mfumo endeshi mwingine, ilikuwa nao bure, ndani ya kiini chake, na programu ya kuusimamia, mdadm, hutia alama kwenye diski zenyewe, hivyo diski yoyote kati ya hizo mbili inaweza kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine yenye Linux ikatambulikana. Kwangu mimi hoja hiyo ilimaliza mjadala, na mpaka leo ningemshauri mtu yeyote wa Dar es Salaam hivyo hivyo.

Nilinunua diski za kampuni mbili tofauti, kwa sababu diski zilizotoka kiwandani siku moja, zikawekwa kasha moja na kufanyishwa kazi ileile, zina tabia ya kuchoka kwa wakati unaokaribiana. Kabla ya kuzikabidhi chochote nilizisoma taarifa zake za ndani, kwani diski huweka kumbukumbu ya saa ilizowashwa, na stika mpya haiwezi kuifuta. Moja ilionyesha saa sifuri. Ya pili, iliyokuwa kwenye mfuko wake uliofungwa vizuri, ilionyesha zaidi ya saa 9,000, na mwaka mzima una saa 8,760. Niliirudisha kesho yake pamoja na karatasi niliyoichapa. Muuzaji aliisoma karatasi ile mstari kwa mstari, akaingia nyuma ya duka, akanitolea nyingine bila ubishi. Na hiyo aliyonibadilishia niliipima palepale kwenye kompyuta yake kabla ya kuondoka.

Jumamosi jioni ndipo nilipofungua kasha la kompyuta. Shangazi alivuta kiti akaketi kando yangu, na mjukuu wake akapewa jukumu la kushika tochi, jukumu alilolichukua kwa uzito wote wa mtoto wa miaka minane. Nilifunga diski zote mbili kwa skrubu nne kila moja, nikaacha nafasi tupu kati yake ili hewa ya feni ipite, kwa sababu joto la Februari linatosha kuzidhuru. Mfumo endeshi niliuacha kwenye diski ya zamani. Hizi mpya zilikuwa za picha na nyaraka tu. Kwenye kila moja nilitenga kipande kilichopungua kidogo kuliko diski nzima, kusudi siku moja nikinunua diski ya kubadilisha iliyopungukiwa sekta chache isikataliwe.

Usakinishaji wa mdadm kupitia modemu ya intaneti ulikwenda polepole, na katikati ukanisimamisha na kuniuliza kuhusu mpangilio wa barua pepe, swali ambalo huwashangaza wengi. Sababu yake ni nzuri: diski moja ikifa, kompyuta huendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea, na bila ya taarifa kukufikia unaweza kukaa miezi ukidhani una mbili kumbe una moja. Nilijibu kwa utulivu, nikaipa programu anwani yangu. Kisha nikatoa amri ya kuziunganisha, mstari mmoja tu, na ulinganishaji ukaanza.

Hatua hiyo hufuatwa katika faili moja fupi iitwayo /proc/mdstat. Ndani yake kuna mchoro wa mstari unaojaa taratibu, asilimia, kasi, na makadirio ya dakika zilizosalia. Na pembeni kuna alama [UU], kila U ikisimama badala ya diski moja iliyo hai. Kasi ilianza zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde na ikawa inashuka kadiri kazi ilivyokaribia katikati ya sahani, kwa sababu njia za ndani ni fupi kuliko za nje. Umeme ulikatika tukiwa tumepita nusu. UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, ikaanza kulia, nikaizima kompyuta kwa utaratibu wake, tukala chakula cha usiku kwa mwanga wa kandili. Uliporudi niliwasha na kuitazama faili ile kwa moyo uliojaa. Kazi ilikuwa imeendelea kutoka ilipoishia, na kabla ya usiku wa manane mstari ulikuwa umejaa.

Niliformati diski, nikahamisha folda za picha, na hapo Shangazi akataka kuelezwa. Yeye alikuwa mweka hazina wa upatu wa kina mama wa Jangwani kwa miaka mingi, basi nikamwambia kwamba hizi ni kama makarani wawili wanaoandika daftari lilelile kwa wakati mmoja, mmoja akiugua mwenzake anaendelea.

"Umemjaribu?" akauliza. "Huyo anayebaki, umemjaribu peke yake?"

Ndilo swali nililokuwa nimejiandaa kulijibu kwa vitendo. Nilitoa amri ya kuitangaza diski moja kuwa mbovu, nikaiondoa katika jozi, kisha nikachomoa waya wake wa data mbele ya macho yake. Alama ikabadilika kuwa [U_]. Nikafungua folda ya Tanga. Bibi akatokea kwenye skrini, mkono wake kwenye nguzo ya baraza, na hata ule mkunjo wa kushoto ulioanza kumla ulionekana kama tulivyouskani. Nikahamisha picha nyingine kumi na ushei za harusi huku diski moja ikiwa imezimika, ili diski ya pili itakaporudi iwe na jambo la kujifunza. Nilipourudisha waya, kompyuta iliipa diski jina jipya, sdd badala ya sdc, kwa hiyo nilihakikisha kwanza kwa namba yake ya kiwandani kabla ya kuiongeza, kwa kuwa hapa ndipo mtu aliyechoka huweza kuifuta ile yenye picha. Ulinganishaji ukaanza upya. Asubuhi nikairudia kazi nzima kwa kuiondoa ile nyingine, na picha za harusi zikafunguka kutoka kwenye diski ambayo usiku haikuwapo zilipoandikwa.

Shangazi aliridhika, lakini hakunyanyuka. Aliinama akatazama ndani ya kasha lililokuwa bado wazi sakafuni, diski mbili moja juu ya nyingine, akaniuliza, "Na maji yakiingia humu ndani, mwanangu?"

Nilikuwa na jibu la kitaalamu, kwamba diski pacha hulinda dhidi ya kufa kwa diski na si dhidi ya mafuriko, moto, mwizi, wala mtu anayefuta faili kwa mkono wake, kwa maana kinachofutwa kwenye moja kinafutwa na kwenye nyingine papo hapo. Lakini kulisema hilo kwa mtu aliyebebewa sanduku katika maji ya kifua halafu nifunge kasha kungekuwa ni kumpuuza. Nikatoa diski ya zamani ya gigabaiti 320 iliyokuwa kabatini, nikaitia kwenye kikasha cha USB, nikanakili kila kitu, nikakokotoa alama za uhakiki za faili zote pande mbili na kuzilinganisha. Mdogo wangu aliisafirisha hadi Morogoro, kwa mjomba, ambaye nyumba yake iko mlimani. Tulikubaliana kwamba kila Idi, mtu wa kwanza kusafiri ataondoka na nakala mpya na kurudi na ile ya zamani.

Ile diski niliyobadilishiwa Kariakoo ilikufa mwaka 2014. Barua pepe ilinifikia nikiwa kazini. Jioni nilinunua nyingine, nikaifunga, na kabla ya kulala alama ilikuwa imerudi kuwa [UU] bila picha hata moja kupotea. Nilipomweleza Shangazi, aliuliza tu kama picha za maulidi ya mwaka ule zimeshafika Morogoro. Zilikuwa zimefika.