Nilivyotatua mistari iliyokuwa inapishana: kafeini kwenye kabonidioksaidi

Mimi kwetu Mbozi, nimekulia kwenye kahawa, sasa mwaka wa mwisho chuoni hapa Mbeya nikachagua projekti ya kafeini, yaani inayeyuka kiasi gani kwenye kabonidioksaidi (CO2) iliyokandamizwa na kupashwa joto mpaka sio gesi tena na wala sio kimiminika. Mashine ya kupima hatuna, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuchukua vipimo vilivyochapishwa na wengine halafu nitafute fomula ya kutabiri. Nilikwama wiki tatu, ndo maana naandika, najua kuna mtu atapita njia hii.

Kwanza hiyo hali yenyewe. Nilikuja kuielewa kwa ule mtungi wa zimamoto wa CO2 uliopo kwenye korido. Humo ndani kuna kimiminika, kwenye nyuzi 20 presha yake ni kama bar 57 (bar 1 ni karibu sawa na presha ya hewa ya kawaida). Sasa ukiwa na chombo imara cha maabara (sio mtungi ule, tafadhali) ukavuka nyuzi 31 na bar 74 hivi, ule mpaka wa kimiminika chini na gesi juu unapotea kabisa, inabaki kitu kimoja, kinapenya kama gesi na kinayeyusha kama kimiminika.

Basi nikachora grafu kwenye Excel, presha chini, myeyuko pembeni, mstari mmoja kwa kila joto. Ikanichanganya. Kwenye presha ndogo ukiongeza joto myeyuko unashuka, kwenye presha kubwa ukiongeza joto unapanda, mistari inapishana katikati kama barabara za Mwanjelwa. Nikajua nimekosea kuingiza data, nikarudia zote upya, umeme unakatika narudia tena, jibu lile lile. Supervaiza akaniangalia akaniuliza swali moja tu, "Hiyo CO2 yako ina uzito gani kwa lita?"

Hapo ndo penyewe. Kinachoyeyusha sio presha, ni msongamano, molekuli ngapi za CO2 zimeizunguka kafeini. Nikaingia kwenye majedwali ya bure ya NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, nikatoa namba: bar 100 kwa nyuzi 40 lita moja ina kama gramu 629, lakini bar 100 hiyo hiyo kwa nyuzi 60 zinabaki gramu 290 tu! Zaidi ya nusu imepotea, kafeini itashikwa na nani? Ila kwenye bar 200 ni gramu 840 kwa nyuzi 40 na 724 kwa nyuzi 60, tofauti imekuwa ndogo, na kadiri presha inavyopanda pengo linazidi kupungua, mpaka ile nguvu ya joto ya kuing'oa kafeini kwenye fuwele zake inashinda. Kwa hiyo mistari ilikuwa na haki ya kupishana.

Nikahamia kwenye fomula ya Chrastil ya 1982, unachukua logi ya myeyuko na logi ya msongamano, mistari inanyooka na kukaa sambamba, nilifurahi mno usiku ule. Angalizo moja, joto weka kwa kelvini (nyuzi jumlisha 273), mimi niliweka 40 badala ya 313 nikapoteza siku mbili. Na kama unawaza kuhusu geji ya presha, ambayo inaanza kuhesabu juu ya presha ya hewa ya mahali ulipo, hapa Mbeya juu hewa yetu haifiki hata bar 1, ni 0.83 hivi, lakini ukiwa kwenye bar 200 hiyo tofauti haikusumbui.

Likizo nikamweleza baba. Nikamwambia ndivyo wanavyotoa kafeini kwenye kahawa, gesi inachukua kafeini, sukari na protini haizigusi. Akanyamaza kidogo, halafu, "Mwanangu, buni ikishakauka ni ngumu kama kokoto, hiyo hewa inaingiaje? Mnazilowesha kwanza?"

Nikamwambia ndiyo baba, wanazilowesha. Kurt Zosel kule Ujerumani miaka ya 1960 aliona hivyo hivyo, bila unyevu kafeini haitoki vizuri, maji yanavimbisha punje na kuiachia kafeini. Fomula yangu hilo halimo kabisa, inajua kafeini safi tu, haijui punje. Nimerudi Mbeya na daftari, ukurasa wa kwanza nimeandika swali la baba.