Vizibo vya soda mezani

Binti yangu, aliye Gredi ya 4, husoma hadithi kwa ufasaha, lakini ukimwuliza saba kutoa nne huficha mikono chini ya meza na kuanza kuhesabu vidole. Jana nilimpangia vizibo vitano vya soda, akavihesabu vizuri. Nilipovitawanya bila kuongeza hata kimoja, akavihesabu tena tangu mwanzo. Mwalimu wake ameandika kwenye ripoti kwamba ni mvivu, neno lililoniuma, kwa kuwa mimi ndiye ninayemwona akilia juu ya daftari hadi saa tatu usiku.

Huenda ni diskalkulia, yaani ugumu wa kudumu wa kuelewa namba na kujifunza hesabu. Hata hivyo, sipendi haraka ya kumbandika mtoto jina: mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, uliotolewa mwaka 2013, unataka ugumu uwe umedumu angalau miezi 6 licha ya mtoto kupewa msaada mahususi, na kwamba hautokani na macho, masikio wala ufundishaji mbaya. Hapa Kenya vituo vya tathmini ya elimu vimekuwapo tangu 1984, na kesho kutwa tunakwenda katika kile cha karibu nasi. Madaftari yake yote nimekwisha kuyafungasha, hata lile alilolichana kwa hasira.