Alumina ikipozwa haraka, fuwele imara sio ya kwanza kuzaliwa

Hii kitu inanivutia sana aisee. Watu wengi wanajua alumina, yaani oksidi ya alumini, inayeyuka kwenye nyuzi 2050 hivi, wanadhani ukishuka tu chini ya hapo inaganda. Wapi! Tone likipeperushwa hewani bila kugusa chombo linaweza kupoa mamia ya nyuzi chini ya hapo na bado ni majimaji. Atomu lazima kwanza zijipange ziwe kiini, yaani chembe ya kwanza ya fuwele, na kiini kikiwa kidogo mno kinasambaratika, maana uso wake unakula nishati kuliko ile inayopatikana kwa kuganda.

Sasa kikishapatikana kimoja kinachodumu, usipepese macho. Kwenye video za kamera za kasi unaona tone limeshaanza kufifia, mara doa jeupe linatokea upande mmoja linasambaa mpaka tone zima linang'aa upya, yaani kuganda kwenyewe kunatoa joto na tone linapanda nyuzi ghafla. Fuwele nazo zinakimbia na ncha mbele, kwa sababu ncha ndo iko kwenye majimaji ya baridi zaidi, halafu matawi yanachipua ubavuni.

Utamu uko hapa. Umbo imara la fuwele ya alumina linaitwa alfa, lakini ukipaka chuma kwa kunyunyiza matone madogo kwa plazma (gesi ya moto mkali yenye chaji za umeme), yakagonga chuma baridi, yakapoa kwa kasi inayofika nyuzi milioni kwa sekunde, unapata gama, umbo lingine la fuwele hiyo, kwa wingi. Gama sio imara, ila uso wake na majimaji unadai nishati ndogo, kwahiyo kiini chake kinawahi, na joto linaondoka haraka mno hata hakuna muda wa kugeuka kuwa alfa.

Vioo vya silika ni habari nyingine, huko majimaji ni mazito sana, atomu hazifiki zinakotakiwa, kinaganda kioo bila fuwele hata moja.

Kwahiyo ukipima mipako yako kwa eksirei ukakuta gama tele usikimbilie kulaumu unga wa alumina ulioyeyusha, kasi ya kupoza ndo imeamua. Cha kuangalia ni kazi itakayofanya, kwasababu ikikaa kwenye joto la kupita nyuzi 1100 au 1200 gama inageuka alfa, alfa ina msongamano mkubwa zaidi, mipako inasinyaa na nyufa zinaanza.