Nilivyoupanga mwaka wa TEHAMA kwa kuanza na saa za watu

Mwishoni mwa 2024 niliwasilisha mpango wa TEHAMA wenye miradi 19. Ulipitishwa bila mjumbe hata mmoja kupinga. Ilipofika Desemba iliyofuata, miradi minne ndiyo iliyokuwa imekamilika, saba ilikuwa njiani, na iliyobaki hatukuigusa kabisa. Katikati ya mwaka huo, Jumatatu asubuhi, cheti cha usalama cha mfumo wa wateja, kile kinachoithibitishia kompyuta ya mteja kwamba mfumo ni halisi, kiliisha muda wake bila mtu yeyote kujua, na wateja wakashindwa kuingia hadi saa nane mchana. Kukihuisha cheti ni kazi ya dakika chache. Haikuwamo kwenye mpango kwa sababu haikuwa mradi, na mimi nilikuwa nimeandika miradi tu.

Mwaka 2026 nikaupanga kwa kuanzia kwingine: nilihesabu saa. Tuko watu sita. Ukiondoa likizo na sikukuu, kila mmoja wetu ana wiki 46 hivi za kazi, saa 40 kwa wiki. Jumla saa 11,040. Nikapitia kumbukumbu za maombi ya msaada za miezi kumi na miwili, nikaona karibu asilimia 70 ya muda wetu inaliwa na kazi za kila siku: nywila zilizosahaulika, printa, masasisho, mtandao uliokatika, wafanyakazi wanaoajiriwa na wanaoondoka. Zikabaki saa kama 3,300. Robo nikaitenga kwa dharura, maana hatujawahi kumaliza mwaka bila dharura. Miradi ya mwaka mzima ikabakiwa na saa 2,500 hivi. Maombi yaliyokuwa mezani kwangu, nilipoyajumlisha, yalihitaji zaidi ya 8,700.

Namba hiyo iliniuma. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nawasukuma vijana wangu wafanye kazi hadi usiku nikiamini tatizo ni kasi yao. Kumbe nilikuwa naahidi kwa niaba yao zaidi ya mara tatu ya uwezo wao. Niliwaita, nikawaonyesha hesabu, nikawaomba radhi.

Baada ya saa zilikuja tarehe. Nilitengeneza kalenda ya kila kitu chenye mwisho, na siku hizi nadhani hii ndiyo karatasi muhimu kuliko zote alizonazo mkuu wa TEHAMA, kwa sababu tarehe zake hazisubiri kikao. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikuwa umekoma Oktoba 14, 2025, nasi tulikuwa na kompyuta 40 zilizobaki nayo. Masasisho ya usalama ya kulipia yapo, lakini kwa mashirika bei yake huongezeka maradufu kila mwaka, kwa hiyo tukaamua kuzibadilisha zote kabla mwaka wa kwanza haujaisha. SQL Server 2016, programu ya kuhifadhi data, msaada wake ulikuwa na mwisho Julai 14, 2026. Windows Server 2016, mfumo wa kuendesha seva, yaani kompyuta kuu zinazohudumia nyingine, ni Januari 12, 2027. Ukiisoma haraka utadhani ni jambo la mwaka mwingine, ila kazi yenyewe lazima ifanyike mwaka huu.

Na vile vyeti vilivyotuaibisha vilikuwa vinafupishwa. Zamani cheti kiliweza kudumu hadi siku 398. Kinachotolewa kuanzia Machi 15, 2026 mwisho wake ni siku 200, Machi 2027 zitakuwa 100, na Machi 2029 siku 47. Kwa kasi hiyo hakuna mtu wa kuvihuisha kwa mkono. Tulitenga saa 120 za kuweka mfumo wa kuvihuisha vyenyewe, na hizo ni miongoni mwa saa nisizozijutia hata kidogo.

Kisha nikazunguka idarani. Zamani nilikuwa nauliza, "Mwakani mnahitaji nini?" nami najaziwa orodha ya mifumo mipya. Safari hii niliuliza kazi yao ilisimama lini na kwa nini. Dada mmoja wa ghala alinijibu hivi: "Kaka, mimi mfumo mpya siutaki. Nataka huu uliopo usinigande saa kumi jioni, magari yakiwa yamepanga foleni." Tulipofuatilia, tukakuta ripoti nzito ya uhasibu iliyopangwa kujiendesha saa kumi kamili kila siku. Tuliihamishia usiku. Ilituchukua nusu saa, baada ya mwaka mzima wa kero.

Jambo jingine nililolifanya kabla ya kuandika chochote ni kurejesha data kutoka kwenye nakala rudufu, zoezi kamili, siyo kuangalia alama ya kijani kwenye skrini. Kanuni ya nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo, tulikuwa tunaifuata. Uongozi nao ulikuwa umeahidiwa kwa maandishi kwamba mfumo mkuu ukianguka utarudi ndani ya saa nne. Ulirudi baada ya saa 26. Nakala zilikuwa salama; kilichotuangusha ni mpangilio wa seva, ambao haukuwa umeandikwa popote isipokuwa kichwani mwa mtu mmoja aliyekuwa likizo. Urejeshaji ukapanda kutoka nafasi ya kumi na moja hadi ya kwanza.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi: akili unde. Mkurugenzi wetu aliitaka iwe kipaumbele cha kwanza, na sababu zake zilikuwa za msingi. Mimi nilikuwa na wasiwasi mmoja, kwamba zana hizo zikiunganishwa na nyaraka za ofisi hujibu kwa kutumia kila faili ambalo mtumiaji ana ruhusa ya kulifungua, na ruhusa zetu zilikuwa zimekaa miaka bila kukaguliwa. Sikumwandikia ripoti. Nilimwomba dakika tano, na kwa idhini yake nikaingia kwa akaunti ya mfanyakazi wa mafunzo, nikatafuta neno "mishahara". Faili la pili lililotokea lilikuwa na majina na malipo ya watu wote.

"Nani ameliona hili?" aliuliza.

"Mama, yeyote aliyewahi kulitafuta."

Tukakubaliana hapohapo: miezi minne ya mwanzo ni ya kusafisha ruhusa, kisha idara moja ijaribu akili unde kwa kazi moja inayopimika. Sikulazimika kumkatalia, na nashukuru, kwa sababu ninaamini zana hizo zitatusaidia.

Mpango ulioenda kwenye kikao ulikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza una mambo matano: urejeshaji, seva na hifadhidata zinazoisha muda, kompyuta 40, ruhusa za nyaraka, na jaribio la akili unde. Kila moja lina saa zake na jina la mtu anayelibeba. Wa pili una mambo 14 ambayo hatutayafanya mwaka huu, kila moja na sababu yake. Huo wa pili ndio uliojadiliwa kwa saa mbili. Mkuu wa masoko alikasirika tovuti yake ilipoahirishwa, nikamweleza kwamba ikiingia, itaondoa saa 400 kwenye mojawapo ya yale matano, achague lipi. Aliutazama ukurasa kwa muda, akasema tuendelee.

Mwezi wa tano tulirudia zoezi la urejeshaji, safari hii kwa kufuata maandishi, na aliyeliendesha ni kijana mwenye miezi mitatu tu kazini. Mfumo ulirudi kwa saa sita na dakika kumi. Bado hatujafika kwenye nne. Zoezi la tatu liko kwenye kalenda, Septemba.