Kutoka Sembe Hadi Dona, Kidogo Kidogo

Nilipoamua kubadili mlo wa nyumbani, nilianza na sukari ya chai, kwa kuwa ndiyo rahisi kupima. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba kuishusha chini ya asilimia 5, yaani takriban gramu 25 au vijiko 6 vya chai, kuna manufaa zaidi. Katika nyumba nyingi za kwetu vijiko hivyo huisha kabla ya saa nne asubuhi. Nilipunguza nusu kijiko kwa kikombe, nikasubiri ulimi uzoee, ndipo nikapunguza tena, huku tangawizi na iliki zikiziba pengo.

Unga ulizua ubishi zaidi. Mahindi ya sembe hukobolewa, na pumba na kiini vinavyoondolewa huondoka na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, vitamini na madini, ilhali dona husagwa na vyote. Watoto, hata hivyo, hutazama rangi ya ugali kwanza. Kwa hiyo nilichanganya robo ya dona na robo tatu za sembe, kisha nusu kwa nusu. Dona hutaka maji mengi zaidi na subira jikoni, na kwa kuwa kiini kina mafuta, unga wake huchacha mapema, hivyo sinunui gunia.

Maandazi sikuyafukuza: yamebaki ya Jumapili, na siku nyingine tunakunywa chai kwa mihogo ya kuchemsha au viazi vitamu.